Shangazi na Hatua Nyuma ya Kochi

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkaguzi wetu mkuu wa sauti, ambaye kampuni nzima kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa geti inamwita Shangazi, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya maandalizi imeniomba mimi, fundi wa nyaya, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe ya leo, kwa kuwa nimefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko wengine wote waliobaki na, kwa maneno ya mwenyekiti wa kamati, kwa kuwa nina mdomo. Shangazi mwenyewe ameusoma kabla haujachapwa. Alifuta neno moja tu, "marehemu", akaniambia mengine yote niyaache kama yalivyo.

Aliajiriwa kama karani wa mapokezi, enzi kampuni ikiwa duka la mlango mmoja linalouza redio na kanda. Mwanzilishi wetu alikuwa na sikio la kushoto lililoanza kumsaliti, na hakutaka wateja wajue. Kila alipofika mteja na malalamiko ya sauti, mzee alijitia kutafuta bisibisi na kumwita karani aje "kushuhudia". Karani alikuwa akisikiliza, kisha anagusa kitu kilichoharibika kwa kidole, na mzee anaeleza tatizo kwa sauti nzito ya kitaalamu. Mchezo huo uliendelea mpaka wateja wakaanza kumwuliza yule dada moja kwa moja, na mzee akampandisha cheo kabla hajaaibika.

Kwa wageni waalikwa wasiojua tunachofanya: tunafunga sinema za nyumbani. Mafundi tunatundika spika mbili mbele, moja katikati chini ya skrini, mbili nyuma ya kochi, na sabufa, ile spika ya besi, pale ambapo mama mwenye nyumba atakubali. Nyaya zote zinaingia kwenye risiva. Hapo kazi yetu inaisha na ya Shangazi inaanza, kwa sababu risiva lazima iambiwe namna ya kugawa sauti, na hizo namna ndizo tunazoziita modi. Stirio inatumia spika mbili za mbele na kuziacha nyingine zipumzike. Modi ya filamu inafuata alivyopanga aliyeitengeneza filamu: mvua juu ya paa, gari likipita kushoto. Halafu kuna modi ya kutandaza. Hii inachukua rekodi ya zamani yenye njia mbili tu, inachuja kile ambacho kushoto na kulia hazikubaliani, na kukipeleka nyuma yako. Dukani wateja wanaishangilia. Wakifika nyumbani inawakosesha raha, maana mtangazaji yuko mbele na pumzi zake ziko nyuma ya kochi.

Shangazi hakuwahi kuchagua modi akiwa amesimama. Alikalia kila kiti cha sebule, pamoja na kigoda cha msichana wa kazi na mto wa sakafuni wa watoto, kisha akamkalisha mwenye nyumba mahali pake pa kila siku na kuanza kubadilisha. Hakuwa akimwuliza chochote. Alikuwa akimtazama shingo. Alituambia kwamba modi inayofaa ni ile ambayo mtu hageuki.

Wakili mmoja, mtu wa kushinda kesi, alitaka spika zote zipige muda wote, habari, mpira, hata matangazo ya sabuni. Shangazi hakubishana naye. Akamwekea kutandaza, akamwomba atazame taarifa ya habari. Hawajafika kwenye michezo, wakili alikuwa ameshageuka mara kadhaa na amehamisha kochi ukutani. Akasema kwa unyenyekevu ambao mahakama haijawahi kuuona, "Shangazi, nirudishie ya mbele tu." Na wapo ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya rimoti, aliipangia risiva yao modi ya kila mmoja kwenye kitufe chake, wakapatana. Hadi leo wanamletea salamu kila mmoja kivyake, lakini wanamletea.

Sasa nifike kwenye rekodi, kwa kuwa huwezi kumsimulia Shangazi ukaiacha. Katika mwaka wake wa tatu, chumba chetu cha kusikiliza kilipomalizika, sakafu ikiwa bado saruji tupu, mwanzilishi aliona tunahitaji rekodi yetu wenyewe ya kupimia spika. Vipaza sauti viwili viliwekwa katikati ya chumba, watu wote wakatolewa nje, na Shangazi akavizunguka akiwa na viatu vya kisigino, akitaja kila alipofika: mbele kushoto, katikati, mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto. Mwishoni anaelekea mlangoni, anafungua, anatoka, anaufunga. Kama umewahi kununua kwetu, hatua hizo zimewahi kukuzunguka sebuleni kwako. Siku ile alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwenye masikio mazuri atasikia anavyohema akikata kona.

Rekodi hiyo ilikuwa na masharti mawili, na kila mfanyakazi mpya aliyakuta. La kwanza, isichezwe kamwe kwa modi ya kutandaza. La pili, ikishaanza isikatizwe mpaka mlango ufungwe. Mteja awe anaongea na simu, chakula kiwe kinapoa mezani, Shangazi alisubiri mlango. Tulimtania sana. Tulimwambia kwamba hata akiwa kaburini atainuka kuja kuifunga. Alicheka pamoja nasi na hakulegeza hata kidogo. Na kila saa ya chakula cha mchana alijifungia chumba cha kusikiliza peke yake; sisi tuliamini anapiga usingizi, na tukamstahi.

Mara moja tu sharti la pili lilivunjika, na haikuwa kosa la mtu. Tulikuwa nyumbani kwa daktari wa meno, mchana kweupe, hatua zikiwa zimefika nyuma kulia, umeme ukakatika. Shangazi alibadilika uso. Aliomba tusubiri urudi, lakini daktari alikuwa na wagonjwa, akatusindikiza hadi getini kwa adabu zote. Haikupita siku nyingi akapiga simu. Kuna mtu mdogo, alisema, anakimbia nyuma ya kochi. Risiva imezimwa. Mkewe alikuwa amepekua nyumba nzima akitafuta paka, na hawafugi paka.

Nilienda naye. Sebule ilikuwa safi, pazia limefunguliwa, jua limejaa mpaka kwenye kabati la vyombo. Shangazi hakugusa waya wala hakuniuliza chochote. Aliweka rekodi, akakaa kwenye ukingo wa kochi mikono ikiwa mapajani, akaisikiliza toka mwanzo hadi mlango ulipofungwa. Basi. Daktari akataka kujua hitilafu ilikuwa wapi. Akamjibu, "Haikuwa imemaliza." Daktari alitikisa kichwa kana kwamba ameelewa, nami nikabeba mkoba wa vifaa nikijitia sijasikia.

Mwaka huu, kama mjuavyo, tumepata meneja mpya wa ufundi. Si mtu mbaya. Keki mnayoiona pale mezani ameinunua yeye. Risiva za siku hizi zinajipima zenyewe kwa kipaza sauti kidogo, na alikuwa na haki ya kusema kwamba rekodi ya zamani imepitwa na wakati. Akakusanya nakala zote kutoka kwa mafundi. Siku ya kuiaga akatuita chumba cha kusikiliza, akaicheza kwa modi ya kutandaza ili tuone tofauti, na hatua zilipokuwa katikati ya mzunguko akabonyeza kitufe, akaifuta, akasema, "Jamani, tumeizika rasmi." Tukapiga makofi. Shangazi alikuwa kwa mteja.

Alipoambiwa aliuliza jambo moja tu, kwamba ilikatwa ikiwa imefika wapi. Meneja akajibu, "Katikati tu, Shangazi, ilikuwa bado inazunguka." Shangazi akatafuta kiti akakaa. Nilimletea maji, hakuyanywa.

Kuanzia hapo chumba cha kusikiliza kikawa si chumba cha kukaa. Dada wa mauzo ndiye wa kwanza kutoka mbio, akaapa hatamwingiza mteja tena humo. Wateja walikuwa wakigeuka, risiva ikiwa imezimwa, wanageuka na kutazama ukuta, kisha wanakumbuka kwamba wana haraka. Mimi sikubali mambo haya upesi. Niliingia asubuhi moja nikachomoa nyaya zote, moja baada ya nyingine, mpaka nikawa nimeshika ncha zote mkononi. Hatua zikapita nyuma yangu. Zilikuwa hatua za mtu mzima, mguu mmoja ukiburutwa kidogo, na zililia juu ya saruji tupu. Chumba kile kina zulia nene tangu kabla sijaanza kuota mvi.

Nilimkuta Shangazi kwenye ngazi za nje, nikamwambia sasa anieleze, maana mimi si mtoto. Akanieleza. Yule mtoto wa ile mimba alizaliwa kabla ya wakati, akalia mara moja, akanyamaza. Yeye na mumewe hawakujaliwa mwingine. Mwaka uliofuata alikuwa akijaribu risiva mpya, akaweka rekodi kwa modi ya kutandaza, na wakati hatua zake mwenyewe zikizunguka mbele, nyuma ya kiti kulikuwa na kitu kinatambaa. Mafundi wa wakati ule walimwambia ni mwangwi wa ukuta unaotupwa spika za nyuma. Akakubali. Baada ya miezi kadhaa akairudia rekodi ileile, na kile kitu kilikuwa kimejifunza kusimama.

Mimi ni fundi. Najua rekodi haikui. Lakini hii ilikua, na mama yake alikuwa akienda kumsikiliza kila saa ya chakula cha mchana: akijikwaa, akikimbia, akianza kuvaa viatu, akiwa mzito wa hatua kama vijana wa kiume wanavyokuwa. Alimkataza kila mtu ile modi kwa sababu ndiyo iliyomweka wazi. Hakutaka mwanawe azagae majumbani mwa watu na kutisha wenye nyumba. Na rekodi ikikatizwa, anabaki palepale ilipomwacha.

Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kumwambia mume wake. Akasema, "Nimwambie nini? Mwisho wa rekodi natoka, nafunga mlango. Yeye anakuja nyuma yangu, anafika mlangoni, mlango umeshafungwa. Kila siku namfungia. Miaka yote hii." Alikuwa akilia bila kujificha, watu wakipita na mifuko yao barabarani.

Kilichokuwa hatarini kilikuwa wazi. Mwezi ujao chumba cha kusikiliza kinavunjwa kuwa stoo ya majokofu. Mlango ule unazibwa kwa matofali na mwingine unafunguliwa upande wa pili. Shangazi atakuwa nyumbani, hana ufunguo wala sababu ya kuja. Rekodi haipo tena, hata nakala moja, tulitafuta mpaka chini ya kaunta. Mwanawe angebaki upande wa ndani, anazunguka kati ya majokofu, mpaka lini hakuna ajuaye.

Nilimwambia jambo ambalo fundi yeyote wa nyaya angelisema: chombo kikikosekana, unaunga waya moja kwa moja. Hakuna rekodi, lakini aliyerekodiwa yupo. Akajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia lenzi, akasema kwamba itabidi amwite mzee wake.

Mzee wake ni dereva wa lori mstaafu, na kwa kuwa mke ni Shangazi wetu, yeye tunamwita Mjomba. Wengi mnamjua kwa mwendo wake kabla ya sura: anaburuta kidogo mguu wa kushoto, kama alivyouburuta baba yake mzazi na babu yake. Alifika Jumamosi mchana, duka likiwa limefungwa, akiwa amechomekea shati kama mtu aliyeitwa shuleni kuhusu mtoto. Sijui mkewe alimweleza nini usiku uliotangulia. Alinishika mkono, akasimama kando ya mlango wa chumba cha kusikiliza, akavua kofia. Meneja alikuwepo pia. Aliomba radhi, Shangazi akampiga kofi dogo begani na kumwambia awashe taa zote.

Magoti ya Shangazi hayaruhusu tena kisigino, kwa hiyo alikuwa na malapa. Kiti kiliwekwa pale vilipowahi kuwekwa vipaza sauti. Akavuta pumzi, akaanza kuzunguka, na akataja kila mahali kwa sauti ileile ambayo nusu ya mji imeisikia sebuleni: mbele kushoto, katikati, mbele kulia. Alipofika nyuma kulia tukasikia hatua za pili. Zilikuwa nyuma yake kidogo, zikifuata mwendo wake, na malapa yake yalikuwa yakididimia kwenye zulia ilhali zile nyingine zililia juu ya saruji. Meneja alinishika mkono. Nami siwezi kuandika kwamba sikuogopa, kwa sababu niliogopa.

Mjomba hakuogopa. Alisikiliza mguu ule wa kushoto ukiburutwa, akatazama wake mwenyewe, akasema taratibu, "Huyo ni wetu."

Shangazi alimaliza mzunguko. Akaelekea mlangoni, akafungua, akatoka kwenye korido. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye kitasa, na niliuona ukianza kuuvuta mlango, kwa kuwa mwili ulikuwa umezoea kuufunga. Hakuufunga. Alisimama pale ameushika wazi, uso ameuelekeza ndani, kwenye chumba kitupu chenye taa zote. Hatua zikaja. Zikafika kizingitini, zikasimama pale zilipokuwa zikisimama siku zote, zikangoja.

Mjomba akavaa kofia yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya baba aliyechoka kusubiri garini, "Haya mwanangu, twende nyumbani. Mama yako amesimama."

Zikavuka. Zilibadilika zilipogusa vigae vya korido, na hilo ndilo lililonimaliza mimi, maana vigae vile havikuwepo kwenye rekodi. Zikapita kati yangu na meneja, zikashuka ngazi pamoja na wazee wawili, polepole kwa ajili ya magoti ya mama. Nje Mjomba alifungua mlango wa mbele kwa mkewe, kisha akafungua wa nyuma, akasubiri kidogo, akaufunga kwa uangalifu mtu asibanwe vidole. Gari liliondoka. Niliporudi juu kuzima taa, chumba kilikuwa kimya, nami nilikalia kile kiti kwa muda na sikugeuka hata mara moja.

Shangazi anatuachia mafundi aliowafunza kusikiliza kabla ya kubonyeza, wateja wengi wanaolala kwa amani bila kujua walilindwa na nani, na desturi mpya, iliyoridhiwa na meneja wa ufundi kwa maandishi, kwamba milango katika jengo hili haifungwi kabla ya kutazama nyuma. Uongozi na wafanyakazi wote tunakushukuru, mama yetu, kwa masikio yako, uvumilivu wako na vicheko vyako.

Kamati ya zawadi ilikuwa imekwisha nunua kochi la watu wawili. Wiki iliyopita tumelirudisha dukani, na limeletwa la watu watatu. Mjomba amenithibitishia kwamba linaingia sebuleni, na kwamba pale katikati, asubuhi, mto unakuwa umebonyea. Pumzika, Shangazi. Sisi wa hapa kazini tunawatakia nyote watatu maisha mema.